Kiti Kwanza, Trampolini Baadaye

Tangu nistaafu ualimu nimeombwa ushauri mara nyingi, na aghalabu huombwa juu ya mambo makubwa: mahari, mirathi, kiwanja chenye mgogoro, kijana aliyekataa shule. Sikupata kudhani kwamba iko siku nitakaa kitako niandike juu ya chombo cha kuchezea watoto. Lakini watu watatu wa hapa Ujiji wamekwisha kuniuliza swali lile lile, mmoja wao kwa simu kutoka Muscat: "Nikitaka kuwanunulia watoto trampolini ya kuweka nyumbani, ninunue ya aina gani?" Wote watatu niliwapa jibu moja, na wote watatu hawakulipenda. Ndiyo maana nimeona heri niliandike, ili wa nne alisome kabla hajatoa fedha yake.

Jibu langu ni hili: nunua kiti kwanza.

Msomaji asinione nafanya mzaha. Nitaeleza, na nitaanza na chombo chenyewe kwa ajili ya asiyekijua. Trampolini ni fremu ya mabomba ya chuma, mara nyingi ya duara, iliyosimama kwa miguu. Katikati yake limewambwa turubai gumu lililofumwa, likavutwa pande zote kwa springi nyingi. Mtoto akilirukia, turubai hubonyea, springi hunyumbuka, kisha vyote viwili humrusha juu. Zile kubwa huzungushiwa wavu. Siku za Idi na Krismasi tumeziona katika viwanja vya miji, watoto wakilipa na kuruka. Siku hizi zimeanza kuingia uani mwetu.

Chombo hiki hakikuzaliwa uani. Kijana mmoja wa Iowa, Marekani, jina lake George Nissen, aliona jinsi wachezaji wa bembea za sarakasi walivyojiachia kwenye wavu mwisho wa mchezo, wavu ukawadundisha. Akawaza: je, kama mtu angeweza kuendelea kudunda? Mwaka 1930, akiwa na umri wa miaka 16, akaanza kuunda fremu yake katika banda la gari la wazazi wake. Mwaka 1934 yeye na kocha wake, Larry Griswold, wakakamilisha chombo kilichofanya kazi vizuri. Jina akalitoa katika neno la Kihispania lenye maana ya ubao wa kurukia majini. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia kilitumika kuwazoeza marubani kupinduka hewani bila kupotewa na akili. Mwaka 2000, huko Sydney, kuruka kwenye trampolini kukawa mchezo wa Olimpiki.

Angalia basi historia hiyo inasema nini. Kila mahali kilipotumika kwa kazi yake, palikuwa na mwalimu amesimama kando, na aliyeruka alikuwa mmoja. Hata katika mashindano ya wawili wawili, kila mchezaji ana trampolini yake. Hicho ndicho chombo tulichokichukua tukakiweka chini ya mwembe, tukawapandisha watoto watano kwa pamoja, kisha tukaenda zetu kunywa kahawa.

Nasema "tukaenda zetu" kwa sababu mimi ni mmoja wao.

Mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu, anafanya kazi ya udereva Muscat. Mwaka 2022 alituma fedha, mwenzake akanunua trampolini Kariakoo, ikaja Kigoma kwa lori ndani ya maboksi mawili. Ilikuwa ya duara, upana wake futi 12, yaani kama mita tatu na nusu. Vijana wa mtaa waliifunga kwa asubuhi moja. Wavu tuliufunga pia, na tulijisifu kwa hilo. Siku ya pili ya Idi nikakabidhiwa ulinzi. Nilileta jamvi, si kiti, na jamvi nililitandika barazani, mgongo wangu ukielekea uani. Rafiki yangu akaja na bao. Kete zilipokolea, juu ya turubai walikuwa watoto watano, mkubwa wao mvulana wa miaka 13, mdogo wao mjukuu wangu wa miaka mitano.

Sikusikia kishindo. Hakuna aliyeanguka nje. Nilisikia kicheko kikikatika, na katika miaka yangu yote ya ualimu nimejifunza kukiogopa kicheko cha watoto kinachokatika ghafla. Nilipofika, mtoto alikuwa amelala juu ya turubai lile lile laini, kiwiko chake cha mkono wa kulia kimegeuka upande usiokuwa wake.

Hapo nikaongeza kosa juu ya kosa. Jirani, kwa nia njema, akamchua kwa mawese na kumfunga vijiti, nami nikanyamaza kwa kuwa nilikuwa mwenye hatia na mwenye hatia hana kauli. Hospitali tulifika siku ya tatu. Daktari aliniambia kwa upole jambo ambalo namwambia kila mzazi: kiwiko cha mtoto kilichovimba baada ya kuanguka hakichuliwi wala hakifungwi kwa kukaza, maana mshipa wa damu umepita karibu sana na mfupa ule. Mtoto alipona. Lakini mkono haunyooki kabisa mpaka leo. Akinyoosha kidole darasani, naambiwa, mkono wake humtambulisha kabla ya sura.

Kwa nini uliumia mkono wa mdogo, na si wa yule mkubwa aliyekuwa akiruka kwa fujo? Nililitafuta jibu, na halikuwa la bahati mbaya. Mzito anapotua, turubai hubonyea sana na springi hujaa nguvu. Turubai linaporudi juu, likimkuta mwepesi yuko njiani anashuka, humpiga kwa nguvu ambayo si yake. Ameikopeshwa na mwenziwe mzito. Ni kana kwamba ardhi imeinuka kumkuta hewani. Hapo ulaini haupo tena.

Madaktari wa watoto wa Marekani, nchi iliyokizaa chombo hiki, wamelisema hili wazi. Chama chao kilitoa tamko mwaka 1999 kwamba trampolini isitumike nyumbani, na mwaka 2012 kikarudia kuyakataza matumizi hayo ya nyumbani kwa starehe. Walieleza kwamba takribani robo tatu ya majeraha hutokea wakati wanaoruka ni zaidi ya mmoja. Walieleza pia kuwa aliye mwepesi yumo katika hatari ya kuumia mara hadi 14 kuliko mwenziwe mzito, na kwamba watoto walio chini ya miaka sita ndio wanaovunjika zaidi. Mjukuu wangu alikuwa na miaka mitano, mwepesi kuliko wote, na juu walikuwa watano. Kila walichokiandika kilikuwa uani mwangu, nami nilikuwa nahesabu kete.

Sasa nije kwa wanaobishana nami, maana wapo wa pande zote.

Wa kwanza ni mpwa wangu mwenyewe. Habari zilipomfikia alilia, kisha akasema, "Mjomba, tatizo ni kwamba ile ilikuwa ndogo. Nitaleta ya futi 16, yenye wavu mrefu na mabomba mazito. Huku watoto wanaruka kila siku." Ndivyo wauzaji wanavyotufundisha kufikiri: kikubwa ndicho bora, na kilicho ghali ndicho salama. Nilimjibu, "Mwanangu, wavu unamzuia mtoto asianguke nje. Wangu hakuanguka nje." Madaktari wale wale wanaonya kuwa wavu haujathibitika kupunguza majeraha kama watu wanavyotumaini, na sababu yake inaeleweka: majeraha mengi yamo ndani ya wavu. Tena wavu una sumu yake, humpa mzee kama mimi ruhusa ya kugeuza mgongo. Na trampolini kubwa huwaita wengi zaidi. Kununua kubwa kwa ajili ya usalama ni sawa na kununua sufuria kubwa ukidhani wageni watapungua.

Wa pili ni rafiki yangu wa bao. Yeye anasema tuitupe, watoto warudi kwenye michezo yetu. Anakumbuka tulivyofukia nusu ya tairi la gari mchangani, tukakimbia, tukakanyaga tairi, tukapiga sarakasi na kutua ufukweni kwa miguu miwili. Anakumbuka tulivyojirusha ziwani kutoka kwenye mitumbwi. Nami nakumbuka, na machozi hunilenga. Lakini nakumbuka pia wale ambao ziwa halikuwarudisha. Tanganyika si bwawa la kuogelea. Kina chake kinafika mita 1,470, na ziko sehemu ambapo hatua chache tu kutoka ufukweni mguu haupati chini. Isitoshe, maji yalipopanda miaka ya 2020 na 2021, sehemu za mchanga tuliouchezea zilimezwa. Mama anayesema afadhali mtoto wake arukie uani anapoonekana kuliko kwenda ziwani asikoonekana, ana hoja nzito, wala siwezi kumcheka. Nauliza neno moja tu katika hoja yake: "anapoonekana" na nani?

Wa tatu ni wale walioona biashara. Mkwe wangu mmoja alinishauri tuifungue kwa watoto wa mtaa kwa shilingi mia mbili mia mbili, fedha isaidie matibabu. Hili ndilo lililonikasirisha kuliko yote, ingawa nilimjibu kwa heshima ya ukwe. Anayelipwa kwa kila kichwa atapandisha vichwa vingi. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia mteja mwenye fedha mkononi, "Ngoja, mwenzako amalize." Nimewatazama siku za sikukuu hao wanaokodisha: watoto saba, wanane, wakubwa kwa wadogo, na msimamizi anahesabu noti. Mzazi amesimama nje ya wavu anapiga picha. Ndugu zangu, ile si sikukuu, ni bahati nasibu, na tiketi ni mifupa ya mtoto mdogo kuliko wote.

Basi, atauliza msomaji mwenye haraka, hakuna ya kununua? Ipo, lakini chagua kwa kufuata uwanja wako, umri wa mtoto wako na macho yako. Tangazo lifuate nyuma.

Kama mtoto yu chini ya miaka sita, ile kubwa si yake kabisa, iwe na wavu au isiwe nao. Zipo ndogo, za chini, zenye mkono wa kushikia, za mtoto mmoja. Hizo zikae ndani au barazani, na mtu mzima awe karibu.

Kama ni mkubwa kuliko hapo, chukua ya duara, wala usishawishiwe na ya mstatili. Ya mstatili hurusha kwa nguvu na ni ya wachezaji wenye mwalimu. Ya duara humvuta mrukaji arudi katikati. Chagua chuma kilichopakwa zinki ndani na nje ya bomba, kwa sababu mvua zetu za kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Aprili hazina huruma, na kutu huanzia ndani ambako jicho halifiki. Springi zifunikwe na sponji nene kote, maana kidole cha mtoto huingia kati yake kama panya mtegoni. Ziko zisizo na springi, zilizobuniwa New Zealand, zinazotumia fito zinazonyumbuka chini ya turubai. Ni nzuri, ila bei yake ni ya wachache. Na ile namba ya kilo iliyoandikwa kwenye boksi, usiigawanye kwa watoto. Imepimwa kwa kudhani anayeruka ni mmoja.

Wengine hushauri ifukiwe shimoni ili ukingo wake ulingane na ardhi, mtoto akitoka nje asianguke kutoka juu. Ni shauri jema mahali penye mifereji. Kwetu, masika ya kwanza yatakugeuzia shimo hilo kuwa dimbwi, na dimbwi kuwa kiwanda cha mbu. Na wewe uliyeko juu kule Kigoma mjini penye miteremko, kumbuka kuwa fremu iliyosimama upande humtupa mrukaji upande. Sawazisha ardhi kwanza.

Nije kwenye mwembe. Hapa Ujiji mwembe ni zaidi ya mti. Chini ya mwembe, mwaka 1871, Stanley alimkuta Livingstone, na tangu hapo kila mgeni huletwa kuona mahali pale. Chini ya miembe tunaoza, tunazika, tunasuluhisha. Kwa hiyo trampolini nayo huwekwa chini ya mwembe, ili watoto wasichomwe na jua. Mimi nilifanya hivyo hivyo. Lakini chombo hiki kinataka uwazi wa mita saba hivi juu na mita mbili kila upande, na mwembe ni tawi, na tawi ni kichwa kilichopasuka. Mwembe pia huangusha: hata ule wa 1871 haukudumu. Iweke palipo wazi, waruke asubuhi na alasiri, na jua likiwa kali uifunike, kwa kuwa jua lile lile hula nyuzi za turubai polepole mpaka siku linapochanika.

Na kagua. Watu wa Kigoma tunalo somo la chuma lililo kubwa kuliko yote. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe meli yao, Graf von Götzen, isitekwe. Kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo grisi nzito. Mwaka 1924 Waingereza wakaiopoa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, ikawabeba babu zetu, baba zetu na sisi. Chuma kilikaa majini miaka kadhaa kikapona, kwa sababu kuna mtu alikijali kabla hajakiacha. Nasi hatuwezi kukaza parafujo mara moja kwa mwezi?

Lakini hayo yote, msomaji, ni nusu ya jibu. Nusu ya pili ndiyo wasiyoipenda.

Trampolini ile madaktari waliyoikataa ilikuwa uani kwa Mmarekani, ambako labda wapo watoto wawili na lango limefungwa. Uani kwetu hakuna lango. Uani kwetu ni njia ya kwenda kisimani, ni jiko, ni mahali pa kuanika dagaa, na kila mtoto wa mtaa ni mtoto wa nyumba. Huwezi kumwambia mtoto wa jirani, "Hii ni ya mjukuu wangu peke yake." Ukisema hivyo umevunja kitu ambacho hospitali haina plasta yake. Kwa hiyo kwetu haiwezekani kununua trampolini ya nyumbani. Ukinunua, umenunua ya mtaa mzima, utake usitake. Na cha mtaa mzima kinahitaji mlinzi kama kivuko kinavyohitaji nahodha.

Ndiyo sababu nasema mahali pake hasa pa ile kubwa ni shuleni au kwenye uwanja, penye mwalimu mwenye filimbi na mstari wa watoto wanaongoja zamu. Mstari si adhabu. Katika mstari mtoto hujifunza kwamba furaha ya mwenzake ina mwisho, na yake inakuja.

Na kama huna budi kuiweka nyumbani, nunua kiti kwanza. Kiweke hatua mbili kutoka kwenye fremu, kikiielekea. Kikae juani, kisiwe cha starehe. Kisha jiulize kwa ukweli: nani atakikalia, saa ngapi, siku ngapi kwa wiki? Atakuwa na ubavu wa kumwambia mtoto wa mtu, "Shuka, ni zamu ya mwenzako"? Ukipata jina la mtu huyo, nenda dukani. Ukikosa, umekwisha kupata aina ya trampolini inayokufaa: hakuna.

Ile yetu bado ipo. Mpwa wangu hakuleta kubwa, tulielewana. Tuliitoa chini ya mwembe, tukapunguza siku, na kiti kipo, cha mbao, kigumu. Nakikalia mimi, Jumamosi na Jumapili alasiri, filimbi shingoni kama zamani. Anapanda mmoja, wengine wanahesabu kuruka kwake mpaka hamsini, kisha anashuka. Wiki chache za mwanzo walinung'unika, siku hizi wanahesabu kwa kuimba.

Mjukuu wangu hapandi. Hakuna aliyemkataza, hataki tu. Huja akasimama kando ya kiti changu na kuhesabu pamoja nao kwa sauti kubwa kuliko wote. Rafiki yangu hupita na bao lake kwapani, akasalimu, akaniuliza kama leo tutacheza. Nami humjibu bila kugeuza kichwa.